Ngano Iliyooshwa

Mkuu wa chuo chetu cha kilimo ameniomba niwaandikie kurasa chache ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza, kuhusu maktaba na namna ya kuitumia. Nimekubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Ukifika umri wangu utaona kwamba kukataa kunachosha kuliko kufanya. Magoti yananiuma, baridi ya huku Mbulu haina huruma na mifupa ya kizee, na macho yangu, baada ya kusoma migongo ya vitabu miaka yote ile, sasa yanaona herufi kama sisimizi wanaohama.

Mambo ya kompyuta atawafundisha kijana aliyeshika nafasi yangu. Mimi siyajui na sitajifanya nayajua. Nitawasimulia habari ya mwanafunzi mmoja aliyekuja hapa mwaka wa kwanza kama ninyi, na ngano aliyoletewa na kaka yake. Kama nitapotea njia kidogo, nivumilieni. Kizee hutembea akipumzika.

Maktaba ya wakati ule ilikuwa ghala la viazi. Viazi vilihamishwa, rafu zikaingizwa, lakini harufu ya viazi haikuhama. Mvua ikinyesha, vitabu vilinuka kama shamba. Kule chini, uwanda wa Hanang, ulikuwa wakati wa ngano: mashamba makubwa ya serikali, kombaini zikipishana kama tembo, malori yakipanda na kushuka na vumbi lake. Kila kijana aliyekuja chuoni aliota kupata kazi huko, avae ovaroli, apande trekta. Vitabu vyetu vingi vilikuwa vya ngano. Vilikuja kwenye makasha kutoka nchi za baridi, zawadi za watu ambao hatukuwahi kuwaona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bura, mkutubi aliyenitangulia. Wiki yangu ya kwanza alisafiri, akaniacha peke yangu na makasha mapya. Nilivipanga vitabu kwa urefu, kuanzia kifupi hadi kirefu, nikafuta vumbi, nikasimama mlangoni nikavitazama nikaridhika kabisa. Mzee Bura akarudi. Akaangalia rafu moja moja, mikono mgongoni.

"Umevipanga vizuri sana, binti yangu," akasema. "Sasa nitafutie kile cha magonjwa ya mbuzi."

Nilikitafuta mpaka kengele ya chakula cha mchana. Yeye alikaa akinywa chai. Hakunigombeza hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu sijasahau.

Mzee Bura alikuwa na usemi wake. Alisema kitabu ni mgeni. Mgeni akifika nyumbani kwako unamsalimu, unamuuliza ametoka wapi, anakuja kwa nani, habari za huko. Humpi kitanda kabla hujamuuliza. Kwa hiyo alitufundisha kufungua ukurasa ule ulio nyuma ya jina la kitabu, wenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Pale utaona kimechapwa wapi, lini, na nani alitoa fedha ya kukichapa. Halafu uende mwisho kabisa, kwenye faharasa, uone neno lako lipo ukurasa gani. Baada ya hapo ndipo uanze kusoma. Wengi wenu mtaanza ukurasa wa kwanza na kulala ukurasa wa tano. Niliwaona wa aina hiyo kila mwaka.

Huyo mwanafunzi aliitwa Regina, binti wa Mzee Gidamis wa Getanuwas, kule uwandani. Watu wake ni Wabarbaig, wachungaji wa ng'ombe, na yeye alikuwa wa kwanza kwenye boma lao kuvaa viatu vya kamba. Masista ndio waliomsomesha mpaka akafika kwetu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Ukimsomea ukurasa mara moja alikurudishia wote. Hapo ndipo ilipokuwa shida yake, maana shuleni kumbukumbu ile ilimpatia sifa, akadhani ndiyo elimu.

Mwalimu wa mazao akawapa insha yao ya kwanza: ngano hupandwaje? Regina akaja maktaba, akachukua kitabu kinene kuliko vyote, akanakili. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa asome. Akasoma kwa sauti nzuri kwamba ngano hupandwa kabla theluji haijaanguka, ili blanketi la theluji liikinge miche mpaka majira ya joto.

"Regina," mwalimu akamuuliza, "theluji ya Getanuwas huwa inaanguka mwezi gani?"

Kicheko cha darasa kilisikika mpaka kwangu maktaba. Kuanzia siku ile wenzake wakamwita Theluji.

Alikuja mchana uleule, akakiweka kitabu mezani kwa kishindo.

"Nimekuja kurudisha kitabu chenu cha uongo."

"Salamu kwanza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Fungua nyuma ya jina. Kimechapwa wapi?"

Akasoma. Ilikuwa nchi ya mbali kaskazini. Akaacha kidole juu ya yale maandishi madogo.

"Kwa hiyo hakidanganyi," akasema. "Kinasema kweli ya kwao."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nitajuaje kweli ya kwetu?"

"Utatafuta kingine uone kama vinakubaliana. Vikigombana, utauliza kwa nini. Halafu utamtafuta mtu aliyelima huku, umuulize na yeye amejuaje."

"Hiyo ni kazi kubwa, mama."

"Ndiyo maana watu wengi hawaifanyi."

Baada ya hapo akawa kama mtu aliyepata homa ya kuuliza. Alimuuliza mpishi amejuaje kwamba maharage yameiva, mpishi akamfukuza na mwiko. Alimuuliza mchungaji wa kanisa swali ambalo sitaliandika hapa. Walimu wengine walikuja kulalamika kwangu kwamba nimemharibu. Niliwajibu kwamba atatulia. Sikuwa na uhakika.

Mwaka ule mvua zilikuwa haba kule uwandani. Huku milimani tulipata viazi na mahindi ya kubabaisha, lakini Getanuwas na Hirbadaw mahindi yalikauka yakiwa magotini. Na ng'ombe walikuwa wamekonda, kwa hiyo maziwa yalikuwa machache.

Siku moja, wakati wanafunzi wakiwa bwaloni, Regina akaingia maktaba na kijana mwenye shuka na fimbo. Akanijulisha kwamba ni Gidobat, kaka yake, ametembea na kudandia malori mpaka huku kumletea chakula. Gidobat akanisalimu kwa heshima, akasimama katikati ya chumba bila kugusa kitu, kama mtu aliye kwenye zizi la mwenzake.

Regina akafungua kitambaa mezani. Ilikuwa ngano, kama kibaba hivi, safi, kavu. Ukiitazama haraka ungeipenda. Lakini ukiisogeza karibu na dirisha, kwenye ule mfereji wa katikati ya punje, ulikuwa umebaki wekundu kidogo, kama wino uliofutwa.

"Mama," Regina akasema, "hii ni mbegu. Ilikuwa nyekundu. Wameiosha."

Gidobat akaeleza. Lori la mbegu la mashamba ya serikali lilipinduka kwenye korongo upande wa kwao. Dereva alitoka mzima, akaenda kutafuta msaada, na aliporudi korongo lilikuwa limefagiliwa kuliko uwanja wa kanisa. Kila boma lilipata fungu lake. Watu walijua ina dawa, si wajinga. Kwa hiyo waliiosha, wakamwaga maji, wakaosha tena, mpaka maji yakatoka meupe. Kisha wakawapa kuku kwanza. Kuku wakala, wakaendelea kuparua. Ndipo watu wakaanza kuichemsha kama kande, na kuisaga uji wa watoto.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi ulioandama kabla ya huu."

Regina alinitazama. "Nataka kujua kama kuosha kunatosha. Nataka kujua, si kudhani."

Basi tukaanza. Wakati ule katalogi ilikuwa droo za mbao zenye kadi, kila kadi na kitabu chake. Tulifungua droo ya M, tukatafuta mbegu: hakuna la maana. Tukafungua N, ngano: kadi nyingi, zote za kupanda na kuvuna. Tulivuta vitabu, tukapekua faharasa, tukarudisha. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa wakati Regina aliposimama.

"Mama, tunatafuta ngano, lakini ngano haina kosa. Tutafute sumu."

Hilo nataka mlishike, hata kwenye simu zenu. Ukitafuta usipate, pengine jibu lipo, ila umelitafuta kwa jina lisilo lake. Badilisha neno kabla hujalaumu maktaba.

Kwenye droo ya S tukapata kijitabu cha Kiswahili cha wasambazaji wa mbegu. Mstari mmoja tu: mbegu iliyotiwa dawa isiliwe na binadamu wala mifugo. Regina akamsomea kaka yake.

Gidobat akacheka kwa pua. "Nani ameandika?"

"Wenye mbegu."

"Basi. Wenye mbegu wanakataza watu wasile mbegu yao. Hata mimi nikiwa na maziwa na sitaki uyanywe nitakwambia yana sumu. Hawa hawa walituambia malisho yetu yatabaki. Uliyaona yakibaki?"

Nilikaa pale na kijitabu mkononi, nikaona aibu kidogo na furaha kidogo. Kijana ambaye hakuwahi kukaa darasani alikuwa anafanya kile tulichokuwa tunawafundisha wengine: anamuuliza mgeni ametoka wapi. Na alikuwa anauliza sawasawa. Lakini kuuliza kwake kulikuwa kunampeleka kwenye chungu cha sumu. Ningemwambia akiamini tu kijitabu, ningekuwa nimefuta kila kitu nilichomwambia Regina.

Regina ndiye aliyejibu, taratibu.

"Kaka ana haki. Mwenye mbegu hawezi kuwa shahidi peke yake. Tumtafute shahidi asiye na mbegu."

Alikwenda mwenyewe kwenye rafu ya chini, ile ya vitabu vya tiba ambavyo hakuna mwanafunzi wa kilimo aliyevigusa. Kulikuwa na kimoja cha Kiingereza, kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, kilichoachwa na daktari wa misheni aliporudi kwao. Jalada lilikuwa limeng'oka. Tukafungua faharasa, tukalipata neno sumu, chini yake tukapata mbegu. Kurasa mbili. Tulizisoma kwa kamusi, mimi neno, yeye neno, tukibishana, mpaka tukazielewa.

Kitabu kilisema rangi na dawa ni vitu viwili. Rangi hutiwa makusudi ili mtu aone kwa macho kwamba punje hii si ya kula. Rangi hiyo inatoka kwa maji. Dawa haitoki. Kilieleza kwamba watu wa nchi nyingine, wakati wa njaa, walifanya vilevile: wakaosha, wakawapa kuku, wakaona kuku wazima, wakala. Lakini sumu ile haina haraka. Inajikusanya mwilini wiki nyingi huku mtu anajiona mzima. Kisha huanza na ganzi ya vidole, na pembeni mwa mdomo. Vitu vinaponyoka mkononi. Baadaye mtu anayumba kama mlevi, na macho yanaona kama anayechungulia ndani ya bomba.

Regina alikuwa anamtafsiria kaka yake kwa lugha yao. Alipofika hapo, Gidobat akamshika mkono.

"Rudia. Vidole vinakuwaje?"

Akarudia.

Gidobat akakaa sakafuni. Hakutafuta hata kiti. "Mama ameangusha kibuyu cha maziwa," akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi, kama vile mimi ndiye wa kuambiwa. "Kikapasuka. Juzi akaangusha kingine. Tulimcheka. Tulimwambia anazeeka."

Yeye mwenyewe hakuwa na dalili. Alikuwa akilala malishoni na ng'ombe, akiishi kwa maziwa machache yaliyopatikana. Waliokula ngano kila siku ni waliobaki nyumbani: mama na watoto.

Niliomba ruhusa kwa mkuu wa chuo wa wakati huo, nikafunga maktaba, nikakifunga kile kitabu kwenye khanga. Tulipata lori la viazi linaloshuka Basotu, tukakaa juu ya magunia sisi watatu. Mnaoijua njia hiyo leo hamwezi kujua ilivyokuwa. Tulipoanza kukatiza mashamba, ngano ilikuwa imetanda pande zote mpaka macho yanachoka. Regina akanyoosha mkono.

"Hapo ndipo nilipokuwa nachunga ndama."



Kutoka Basotu tulitembea. Mzee Gidamis tulimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya boma. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu.

"Karibu, mtu wa milimani. Binti yangu amefukuzwa shule?"

"Hapana, mzee. Ana maneno."

Mama yake Regina alitoka ndani kutusalimu. Alikuja akipapasa ukuta kwa kiganja, na jua lilikuwa bado kali. Regina aliona.

Akafungua kitabu, akaanza kusoma na kutafsiri. Baba yake hakukitazama.

"Huyo aliyeandika aliwahi kufika Getanuwas?"

"Hapana, baba."

"Basi tumbo langu amelijulia wapi?"

Gidobat akajaribu kusema, mzee akamnyamazisha kwa kidole. Nikaona tunashindwa. Nilitaka kuingilia, niseme mimi ni mkutubi, nimesoma, najua. Nashukuru uchovu wa safari ulinizuia.

Regina akakifunga kitabu. Akanirudishia, akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Baba, ng'ombe akitoka joshoni, dawa ikamkaukia mwilini, kesho yake mvua ikamwosha, kupe wanarudi siku hiyo?"

"Hawarudi. Dawa imeshamshika."

"Lakini humwoni na dawa. Anaonekana ng'ombe msafi."

Mzee akageukia zizi.

"Na ule wekundu wa mbegu, baba, ni chapa tu. Waliiweka ili mtu ajue. Ukikwangua chapa ya ng'ombe wa jirani, ng'ombe amebadilika?"

"Ng'ombe ni yuleyule," mzee akasema. Uso wake ulianza kubadilika polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akamwita mke wake.

"Lete mkono."

Akamfinya ncha ya kidole, kwa nguvu, kwa kucha.

"Unasikia?"

"Sisikii," mama akasema. Akatabasamu kwa aibu. "Muda mrefu sasa sisikii. Sikutaka kuwasumbua."

Mzee Gidamis aliendelea kuushika mkono ule. Kisha akauliza swali lililonishinda, na linanishinda hata leo: "Na nikiimwaga, watoto watakula nini? Watakula kurasa?"

Mimi nilikuwa nimebeba kitabu kizito kutoka milimani, na hakikuwa na jibu hilo.

Wakachimba shimo lenye kina, mbali na maji, wakaifukia ngano na kuziba kwa miiba. Asubuhi mzee akaingia zizini, akamtoa dume wake kipenzi, yule aliyekuwa akimwimbia. Gidobat ndiye aliyeniambia habari ya kuimbiwa. Akampeleka mnadani, akarudi na mahindi. Watoto wadogo walipewa pia samaki wa ziwa la Basotu, jambo ambalo wazee wa boma lile walilitazama kwa kichefuchefu, maana kwao samaki si chakula cha watu. Gidobat alisema yeye bora afe. Watoto walikula na kuomba tena.

Siku zilizofuata Regina alizunguka kila boma lililokuwa na fungu la ngano. Nilikwenda naye mpaka miguu ikakataa. Kwingine walielewa, wakamwaga. Kwingine walisema binti wa Gidamis ametumwa na wenye mbegu. Kulikuwa na baba mmoja, mtu mpole kabisa, aliyemkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamshukuru, na akaendelea kula. Regina alirudi kwake tena na tena. Alitumia josho, alitumia chapa, alimleta mama yake aonyeshe mikono. Yule baba alisema kila mtu ana ugonjwa wake. Baadaye tulipata habari kwamba mtoto wake wa mwisho haoni.

Ninyi mtafundishwa hapa kufikiri: kupima hoja, kutafuta ushahidi, kuuliza nani anasema na ana faida gani. Jifunzeni, tafadhali. Lakini msidhani kwamba ukishapata jibu la kweli kazi imekwisha, watu watalipokea kama mvua. Nimefikiri sana habari ya yule baba. Sijaona ni neno gani tulilisahau. Wakati mwingine hakuna lililosahaulika.

Mama yake Regina alipelekwa hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mkweli: dawa ya kurudisha yote hakuna, ila kwa kuwa ameacha kula ngano ile, baadhi itarudi yenyewe. Baadhi ilirudi. Macho yalipata nafuu, miguu ikatulia. Mikono haikurudi. Alikuwa fundi wa kushona shanga kwenye ngozi, mwanamke ambaye mavazi yake yalitafutwa na maharusi wa mbali, na hakushona tena.

Regina alikosa mitihani yote ya muhula. Chuo hakikuwa na kanuni ya kumsamehe, akarudia mwaka, akakaa darasa moja na waliokuja nyuma yake. Hakuna aliyemwita Theluji tena. Hilo tu ndilo alilolipata wakati ule, kama mnataka kujua faida. Baadaye alimaliza, akawa bwana shamba, ndiyo, walimwita hivyohivyo, bwana shamba Regina, akafanya kazi huko uwandani mpaka mashamba yale makubwa yenyewe yalipokuja kufa moja baada ya jingine, na kombaini zikabaki zinaota kutu na kuku wakitagia ndani.

Lakini kabla ya hayo, mwaka ule aliourudia, mama yake alikuja chuoni. Alikuwa akitoka hospitali, Gidobat akiwa naye. Alisema anataka kukiona kile kitabu.

Nilimtolea. Regina akamfungulia ukurasa. Mama hakujua kusoma, alikitazama kwa muda mrefu kama mtu anavyotazama sura ya mtu asiyemfahamu, akitafuta anafanana na nani.

"Haya maneno yote ni ya ngano?"

"Ukurasa huu na huu, mama," Regina akasema. "Ni habari za watu wa mbali waliokula kama sisi. Madaktari wakawaangalia wanavyougua, wakaandika. Ndivyo sisi tukajua."

"Walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Walikuwa na watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Walipona?"

Regina alinitazama. Nilivuta kitabu, nikapekua ukurasa wa mbele, nikapekua wa nyuma, ingawa nilikuwa ninaujua.

"Hakisemi," nikamwambia.

Mama yake Regina akatikisa kichwa taratibu. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. Kilikuwa kinatetemeka, na karatasi ikatoa sauti ndogo chini yake, kama majani makavu. Akainamisha uso karibu, kama mtu anayeongea na wagonjwa ambao hataki kuwaamsha.

"Poleni," akawaambia. "Poleni sana, jamani."

Kisha akamwomba Gidobat ampe mkono asimame, wasije wakakosa lori.